Tochi Kwanza, Kisu Baadaye



Kila ikifika Mei simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Shikamoo dada, nimepangiwa Makutupora, nibebe nini?" Marahaba. Safari hii kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita huko Kanda ya Ziwa aliniandikia swali fupi kuliko yote: "Dada, ninunue kisu gani?" Hakuuliza maji, hakuuliza viatu, hakuuliza taa. Wiki hiyohiyo mabinti wanne wa chuo hapa Dodoma wakaniambia wanataka kwenda kulala kwenye hema Kolo, kule Kondoa, na swali lao la kwanza likawa lilelile la kisu.

Nimelifikiria sana. Nimezaliwa na kukulia huku, kando ya barabara hii ya Kondoa, kati ya mashamba ya zabibu na vichaka vya miiba. Nawajua watu walioumia usiku katika nyika hii, na sijamjua hata mmoja aliyeumia kwa sababu hakuwa na kisu. Waliumia kwa sababu walikanyaga kitu ambacho hawakukiona. Kwa hiyo leo naomba mnivumilie, tutafika kwenye kisu, lakini tutapitia kwanza kwenye tochi.

Nianze na wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, maana nyie mna tarehe ya kuripoti.

Kwanza hakikisha unakwenda Makutupora ipi. Ziko mbili, na mkanganyiko huu umeshawapotezea watu nauli. Makutupora mnayoisikia kwenye habari za reli ya SGR, kile kipande cha Morogoro hadi Makutupora, iko wilayani Manyoni, mkoa wa Singida. Kikosi cha 834 KJ, ambacho ndicho JKT Makutupora, kiko Dodoma, kaskazini mwa jiji, kwenye barabara ya kwenda Kondoa. Ukija kwa treni kutoka Dar es Salaam unashuka Dodoma mjini, halafu unatafuta gari la upande huo. Panga safari yako ufike mchana. Kufika mahali usipopajua kukiwa na mwanga wa jua ni nusu ya usalama wako, na hakukugharimu chochote zaidi ya kuamka mapema.

Pili, orodha. Kila mwaka Makao Makuu ya JKT yanapotangaza makambi hutaja na vitu vya kuja navyo, na kwa miaka kadhaa orodha imekuwa inafanana: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni na mfuko mmoja nyuma, inayofika magotini na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, tracksuit ya kijani au bluu, nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi, vyeti vyako vya kuombea chuo, na nauli ya kwenda na kurudi. Soma tangazo la mwaka wako mwenyewe, usitegemee la kaka yako.

Umeona kisu humo? Hakimo. Basi usikibebe. Unakwenda kwenye kikosi cha jeshi. Panga, jembe na fyekeo utapewa kwa kazi na utavirudisha kazi ikiisha. Kijana anayeingia getini na kisu begini anaanza mafunzo yake kwa kujieleza, na hakuna sababu ya kuanza hivyo. Kitochi kidogo chenye betri zake ni kitu kingine: kiweke begini kwa ajili ya safari, na ukifika, kama utaratibu ni kukikabidhi, kikabidhi bila ubishi.

Nimeona wengi wakiruka kile kipengele cha nguo za baridi kwa kudhani Dodoma ni joto tupu. Mdogo wangu, tuko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai mchana utatoka jasho, na alfajiri utakuta nyuzi 13 au 14 pamoja na upepo usiojua huruma. Sweta unalihitaji. Mafuta ya mgando unayahitaji zaidi ya manukato, maana upepo huu hupasua midomo na visigino ndani ya siku tatu, na kisigino kilichopasuka hakiendi mchakamchaka. Na mabinti, bebeni taulo za kike za miezi yote ya mafunzo, msitegemee duka la jirani. Mwili ukibadilishiwa chakula, usingizi na kazi, siku zake huweza kuja mapema, kuchelewa au kuruka mwezi. Usiogope hilo, lakini lisikukute huna kitu.

Sasa tochi.

Wengi mnaniambia, "Dada, simu ina tochi." Ina. Lakini simu ikishatumika kumulika, huna tena cha kupigia siku utakapohitaji msaada. Halafu simu unaishika mkononi, na ukijikwaa gizani utaanza kuiokoa yenyewe kabla hujajiokoa wewe. Nataka uwe na tochi ambayo kazi yake ni moja tu.

Kama pesa yako inatosha tochi moja, nunua ya kichwani, ile yenye mkanda wa mpira wanayovaa wachimbaji wa madini. Inaacha mikono miwili huru. Utapika, utafunga kamba ya hema, utamsaidia mwenzako aliyeumia, na mwanga utafuata macho yako. Ila uwe na adabu nayo: ukizungumza na mtu iinamishe, usimpofushe. Na kama njia ni ya miguu tu, ya mkononi ina faida yake. Mwanga wa kichwani unatoka karibu na macho, kwa hiyo kivuli cha kitu kilicho chini hukioni vizuri, na jiwe na kitu kingine chenye rangi ya jiwe huonekana sawasawa. Mwanga ulioshikwa chini, usawa wa kiuno au goti, hulaza vivuli na kila kitu chini kinapata umbo. Jaribuni uani kwenu usiku, weka kamba kuukuu ardhini uimulike kwa namna zote mbili. Hutanihitaji tena nikueleze.

Dukani usidanganywe na maandishi ya boksi. Tochi ya bei ya soda haiwezi kuwa na mwanga wa taa ya gari, hata kama boksi linasema hivyo. Angalia mambo unayoweza kuyagusa. Bonyeza swichi mara ishirini. Itikise ikiwa inawaka, ikipepesa, iache. Fungua sehemu ya betri utazame springi, iwe ngumu na isiwe na kutu. Halafu uliza: betri zake zinapatikana kwenye duka la kijijini? Tochi ya betri za kawaida, zile unazozipata hata kwenye genge la mama anayeuza nyanya, itakufaa porini kuliko tochi nzuri ambayo betri yake inaagizwa mjini. Zile za kuchomeka ukutani zina tatizo ambalo wauzaji hawalisemi: nyingi ndani zina betri ndogo ya asidi, na ukiiacha imeisha chaji mwezi mzima, inakufa hukohuko kabatini. Kama unayo, ichaji kila wiki hata kama hukuitumia. Taa ndogo ya sola ni nzuri sana kwa kambi, Dodoma jua tunalo la kugawa, ila ni taa ya kuning'iniza hemani. Ya kutembelea ni nyingine.

Ukirudi nyumbani toa betri. Nimepoteza tochi mbili kwa uvivu huo, betri zikavuja zikala springi. Ndiyo maana nalisema kwa uchungu.

Jambo moja zaidi kuhusu macho. Jicho la binadamu huhitaji kama nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mweupe wa sekunde moja unairudisha kazi hiyo nyuma. Tochi zenye mwanga mwekundu zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Kama yako haina, funika kioo kwa kipande cha nailoni nyekundu. Ukikaa nje ya hema na mwanga mwekundu, utaziona nyota za uwanda huu kama ambavyo hujawahi kuziona mjini, na bado utaona kikombe chako kiko wapi.

Na hii hapa huwa nawaambia wageni, wanashangaa. Mnavijua vile vitochi vya mwanga wa zambarau ambavyo mawakala wa pesa na wenye maduka hukagulia noti? Mulika navyo chini ya mawe na magogo usiku usio na mbalamwezi. Nge anang'aa kijani kama amepakwa rangi. Ngozi yake ngumu ndiyo inayoupokea mwanga ule na kuutoa ukiwa kijani. Huku kwetu nge ni wengi, na kabla ya kutandika hema, dakika tano za kitochi hicho zitakuonyesha kama kiwanja chako kina wenyeji. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kila asubuhi, hata ukiwa umechelewa.

Sasa nieleze kwa nini nang'ang'ania taa kiasi hiki.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Binamu yangu, mkubwa kwangu kidogo, alitoka usiku kwenda zizini kwa sababu mbuzi walikuwa wanalia. Kulikuwa na mbalamwezi, akaona hahitaji tochi. Kifutu alikuwa amelala katikati ya njia. Huyu si nyoka wa kukimbia. Anategemea rangi yake, analala palepale akiamini hujamwona, na kwa kweli hujamwona. Alimgonga juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Mtu mzima mmoja aliyempenda sana alichukua wembe akamchanja palipoumwa ili sumu itoke. Mwingine akafunga mguu kwa kamba ya katani, akaikaza kwa kijiti. Wakatafuta jiwe la nyoka, lile jeusi, wakalibandika. Saa zikaenda. Alipofikishwa hospitali, mguu ulikuwa umevimba hadi pajani na chini ya kamba umekuwa mweusi. Aliishi, namshukuru Mungu. Lakini muda mrefu aliokaa kitandani ulitokana na kamba na wembe pamoja na sumu. Daktari alitueleza kwa upole, bila kumlaumu mtu, na mpaka leo nayakumbuka maneno yake: kisu hakina kazi kwenye jeraha la nyoka.

Basi mnisikilize. Sumu haitoki kwa kuchanja, wala kwa kufyonza kwa mdomo. Kamba ikikazwa inakata damu na kuua nyama ya mguu, na kwa kifutu, ambaye sumu yake inakula nyama, unaifungia sumu ifanye kazi mahali pamoja. Jiwe jeusi ni mfupa uliochomwa. Linanata kwa sababu linafyonza unyevu, halichagui sumu. Linalosaidia ni hili: mwondoe mtu mbali na nyoka, msiende kumtafuta nyoka ili mumuue, maana huko ndiko anakoumwa mtu wa pili. Mlaze. Vua viatu, pete, bangili na shanga za mguuni kabla uvimbe haujaja. Ufunge mguu au mkono usitikisike, kwa gongo na kanga, kama unavyofunga mfupa uliovunjika, bila kukaza. Asitembee. Abebwe, apakizwe pikipiki katikati ya watu wawili kama hakuna gari, apelekwe kwenye hospitali yenye sindano ya kuzuia sumu ya nyoka. Andikeni saa aliyoumwa. Kama ni swila amemtemea machoni, mwageni maji safi, mengi, robo saa nzima, na maji tu.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na sababu mojawapo ni kwamba wanaoumwa ni watu wa vijijini, wakulima na wachungaji, watu wanaotembea gizani na miguu mitupu. Ni sisi. Tochi na kiatu kilichofunika kifundo vinapunguza hatari hiyo kuliko kisu chochote utakachonunua duniani. Piga kishindo unapotembea, mulika hatua mbili mbele, usitie mkono shimoni wala chini ya gogo usipopaona. Mbalamwezi isikuhadae.

Haya, kisu.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na vijana wengi mnaielewa methali hii kama habari ya nguvu. Kambini kisu ni cha kukata kitunguu, kamba, mkate, kijiti cha kushikizia hema. Hakikulindi na fisi. Fisi anazuiwa kwa chakula kilichofungwa vizuri, moto na kulala ndani ya hema badala ya nje. Hakikulindi na mtu mbaya pia, kwa sababu kisu kikishatolewa kwenye ugomvi hakuna ajuaye kitaishia mkononi mwa nani. Anayekuambia nunua kisu ujilinde anakushauri vibaya, hata kama anakupenda.

Kwa kazi zile nilizozitaja, kisu kizuri hakizidi kiganja chako kwa urefu wa makali. Chagua kile ambacho chuma chake kinaingia mpaka mwisho wa mpini, na misumari yake inaonekana. Kile kilichochomekwa sentimita tatu tu kwenye plastiki kitachomoka siku ya kazi. Kiwe na ala inayokibana kisitoke. Chuma kinachoshika kutu hunoleka upesi na hukata vizuri, ila kifute na kukipaka mafuta ya kula kila unapomaliza. Kisichoshika kutu kinakusamehe ukisahau, lakini kukinoa ni kazi. Mimi nakipendelea cha kwanza. Wahunzi wetu hutengeneza visu kwa springi za magari mabovu, na kama una mhunzi unayemwamini, kisu chake kitamshinda mpinzani wake wa kwenye kioo cha dukani.

Visu vya kukunja vyenye vifaa vingi vina asili ya Uswisi; Karl Elsener alisajili cha kwake mwaka 1897 na kampuni ya Victorinox bado inavitengeneza. Vizuri kweli, hasa mkasi mdogo na kibano cha kutolea miiba. Lakini vinavyotandazwa barabarani ni vya kuiga, na ukivipa kazi wiki moja viungo vinalegea. Kisu cha kukunja kisicho na kufuli, kilicholegea, kinajifunga juu ya vidole vyako. Kabla hujalipa, kifungue na usukume mgongo wake kwa kiganja taratibu. Kikijikunja chenyewe, rudisha.

Baba yangu alikuwa mkulima wa zabibu, na ndiye aliyenifundisha makali. Huku Makutupora ndiko kiliko kituo cha utafiti cha TARI kinachoshughulika na zabibu, kwa hiyo kupogolea mzabibu ni jambo tunalolijua tangu utoto. Mkasi butu hauukati mzabibu, unautafuna, na kidonda kile hakifungi. Mkono nao ni hivyohivyo. Kisu butu unakisukuma kwa nguvu, kinateleza, kinakukata wewe na kukuachia jeraha la kuchanika. Kikali kinakwenda pale unapokipeleka. Kwa hiyo jifunze kunoa. Loweka kinoo majini. Simamisha kisu wima juu yake, kilaze nusu, halafu nusu ya hapo tena, ndiyo pembe yako. Kisukume kama unayetaka kukata kipande chembamba cha kinoo, upande huu mara kumi na ule mara kumi. Kijaribu kwenye nyanya iliyoiva. Usikijaribu kwenye kidole.

Ukikata, makali yaelekee mbali na mwili wako, na usikate kitu ulichokilaza juu ya paja, maana ndani ya paja upo mshipa mkubwa wa damu. Ukimpa mtu kisu, mpe mpini. Asipokuwa tayari, kiweke chini akiokote mwenyewe. Kwenye basi kikae ndani ya ala, katikati ya nguo, kwenye begi linaloingia buti.

Panga sijalitaja kwa sababu kwa kambi ya siku mbili hulihitaji. Kama mtakusanya kuni, okoteni zilizoanguka. Miti ya huku inakua polepole mno kwa mvua yetu ya msimu mmoja, ya Desemba hadi Aprili, na mti uliokatwa leo kwa ajili ya chai yako, wajukuu wa mwenye kijiji ndio watakaouona ukirudi.

Moto wenyewe, mfupi: safisha nyasi kuzunguka, usiwashe penye upepo, na ukimaliza mwagia maji, koroga, gusa jivu kwa mkono. Kama linachoma, hujazima. Lakini hili lisikieni vizuri. Jiko la mkaa lisiingie hemani wala kwenye chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu anasinzia na haamki. Baridi inamalizwa na shuka la Kimasai, blanketi na kitu cha kutandika chini yako. Wengi wanasahau cha chini. Ardhi hukunyonya joto usiku kucha kuliko hewa, kwa hiyo mkeka na blanketi kuukuu chini vina thamani kuliko blanketi la pili juu.

Maji nisiyapite. Mnajua kwamba jiji la Dodoma kwa miaka mingi limekunywa maji ya visima vya Mzakwe, katika bonde hilihili la Makutupora? Watafiti waliofuatilia kina cha maji ya bonde hili kwa miaka 55 waligundua kwamba hayajazwi na mvua za kawaida. Yanajazwa na ile miaka michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama El Niño ya 1997/98. Nimekuwa nikiitazama ardhi hii kwa heshima nyingine tangu nilipolisoma hilo. Lakini maji hayo yako chini sana, na wewe uko juu, kwenye jua. Hesabu lita nne kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, na beba kwenye madumu mawili madogo badala ya moja kubwa, ili moja likitoboka lisiwamalize. Mkichota mtoni, chemsheni mpaka yatokote. Kuni zikikosekana, chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, iliyojazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa muda wa saa sita, inaua vimelea vingi. Kukiwa na mawingu iache siku mbili.

Na mabinti wangu wa Kolo, mmeuliza kifaa kimoja cha ziada ambacho mngesahau. Kanga. Doti nzima. Nimeichujia maji yenye tope, nimeibebea kuni, nimejifunika jua, nimebadilishia nguo nyuma yake penye watu, nimemfungia mtu mkono uliovunjika shingoni. Hakuna duka la vifaa vya kambi linalouza kitu chenye kazi nyingi hivyo. Ongezeni kibano, sindano, pini mbili, dawa ya kidonda na plasta, maana miiba ya Kondoa haina adabu, inapita kwenye soli ya kandambili kama inapita kwenye mkate. Makatambuga ya tairi yanaizuia chini. Soksi na kiatu kamili vinaizuia kote. Na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo pangeni vitu vyenu kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa.

Kolo mnakwenda mahali penye heshima yake. Michoro ya mapangoni ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja. Anzeni ofisini kwa wasimamizi wa eneo hilo, mchukue mwongozaji. Msiiguse michoro, na mtu akiwashauri kuimwagia maji ili ionekane vizuri kwenye picha, mkatazeni. Maji hayo huiharibu. Hapo pia tochi itawafaa, kwa ile namna niliyosema mwanzo: pale mwongozaji atakaporuhusu, imulikeni pembeni, kutoka upande, na mtaona mikwaruzo na mikunjo ya jiwe ambayo mwanga wa mbele unaificha. Wenyeji wa Kirangi bado wanafanya matambiko mahali panapoitwa Mungumi wa Kolo. Mkikuta kitu kimewekwa pale, si takataka. Kiacheni. Na visu vibaki kambini.

Kabla hamjaondoka, nyote, wa kikosini na wa Kolo, fanyeni jambo moja kwa ajili yangu. Usiku mmoja pangeni begi lenu lote kama la safari, zimeni taa za nyumba, halafu mjaribu kutoa vitu vitatu kwa kupapasa: tochi, maji, na kitambaa cha kufungia jeraha. Ukihangaika zaidi ya kuhesabu mpaka ishirini, begi limepangwa vibaya. Tochi ihamie mfuko wa nje, upande uleule siku zote, ili mkono ujue njia. Kisha niandikieni mlikwama kwenye nini. Yule kijana wa kisu ameshajaribu jana. Ameniambia tochi aliipata, betri zilikuwa chini kabisa, zimefungwa ndani ya soksi.

Dada yenu.